AS/400, mgao wa umeme na ule ufunguo wa kwenye droo

Vijana wengi wanaoingia IT sasa hivi ukiwatajia AS/400, kompyuta ya IBM ya kuendeshea biashara nzima, wanadhani unaongelea kitu cha makumbusho. Kweli IBM waliitoa mwaka 1988, ila mashine ni ile ile imekuwa ikibadilishwa jina tu, 2000 ikaitwa iSeries, 2006 System i, 2008 mfumo wake ukaitwa IBM i ukawa unakaa juu ya mashine za Power, na kuna mabenki, bima na makampuni ya usambazaji ambayo mpaka leo mshahara wa watu unapita kwenye hiyo skrini ya kijani. Mi nimekulia humo, kwenye chumba cha mashine cha taasisi moja ya fedha hapa Dar, na kitu nilichojifunza ni kwamba hizi mashine zikishawaka hazina usumbufu kabisa, zinakaa mwezi baada ya mwezi hamna anayezigusa, kasheshe yote iko kwenye muda wa kuwaka. Na muda huo hata uwe unaijua RPG, lugha ya kuandikia programu zake, mpaka usingizini haikusaidii kama hujui konsoli yako, ile skrini kuu ya kuiendeshea mashine, iko wapi, inafanya kazi au haifanyi, na nani ana paswedi ya kuingia.

Nianze na umeme maana ndo ulitufundisha. Waliokuwepo 2006 wanakumbuka ule mgao, mvua hazikunyesha, mabwawa yakashuka, umeme unaondoka asubuhi unarudi jioni, na kuna siku unarudi nusu saa unaondoka tena, alafu 2011 tukarudia sinema ile ile. Sasa kwenye hizi mashine kuna kiseti kinaitwa QPWRRSTIPL, ukikiweka 1 maana yake umeme ukikatika mashine ikazima, ukirudi inajiwasha yenyewe bila mtu. Kwa mtu aliyekaa Ulaya kwenye umeme wa uhakika hiyo ni nzuri sana, na aliyetufungia mashine aliiacha hivo. Kwa mgao ni balaa, kwa sababu mashine iliyozimika ghafla haiwaki kama iliyozimwa kwa adabu, inapiga IPL (yaani kuwaka na kupandisha mfumo) ya dharura, inaanza kupitia diski zote, inatafuta vilivyoandikwa nusu nusu, inarekebisha database, inajenga upya zile indeksi za mafaili yaliyokuwa wazi wakati giza linaingia, kazi ya masaa hiyo kama data ni nyingi. Sasa iko katikati ya kujitibu, umeme unakata tena, unarudi, inaanza upya, unakata. Kila mzunguko hali inazidi kuwa mbaya na wewe uko zako Mbagala umelala.

Tukaiweka 0. Kuna waliolalamika, sasa usiku nani ataiwasha, lakini jibu lilikuwa rahisi, mlinzi anampigia operata wa zamu, operata anakuja anaangalia kwanza umeme umetulia au unacheza, anaangalia betri za UPS zimejaa kiasi gani, ndo anabonyeza. Heri tawi lichelewe kufungua kuliko kufungua na salio za uongo.

Na hiyo UPS yenyewe ilikuwa na kichekesho chake. Tulikuwa na UPS kubwa tu, imekaa pembeni ya mashine inanguruma, kila mtu anaamini tumekingwa. Siku moja nikazunguka nyuma kutafuta kitu kingine kabisa nikakuta ile kebo nyembamba ya ishara, inayotakiwa kutoka UPS kwenda kwenye mashine, iko ndani ya mfuko wake wa plastiki, imefungwa na mpira, imening'inizwa kwenye raki. Aliyeileta UPS alichomeka nyaya za umeme akaondoka. Maana yake mashine ilikuwa haijui kama inakula betri au inakula umeme wa mtaani, inaenda tu kwa raha zake mpaka betri zinaisha alafu puu. Kebo ikiwepo, umeme ukikatika inatokea meseji CPF1816 kwenye foleni ya meseji za operata, QSYSOPR, au foleni nyingine uliyoitaja kwenye QUPSMSGQ, umeme ukirudi inakuja CPF1817, na kuna QUPSDLYTIM ambapo unaiambia mashine isubiri sekunde ngapi kabla haijaanza kujizima yenyewe kistaarabu. Kwa mgao wa masaa hapo ndo pa kukaa ukafikiria, betri zako zinabeba dakika ngapi kwa mzigo halisi, sio ule wa kwenye karatasi, alafu uache muda wa kutosha wa kuzima, maana kuzima nako kunakula muda. Sisi tulichomeka ile kebo, tukasubiri Jumapili, tukachomoa UPS ukutani makusudi tuone. Meseji ikatokea. Watu wakapiga makofi kama wameona mwezi wa Idi.

Sasa twende kwenye paneli. Mbele ya mashine kuna kioo kidogo kinaonyesha herufi na namba, na wakati wa kuwaka zinapita kodi moja baada ya nyingine, zile za mwanzo zinaanza na C1, baadae C6, mwisho mwisho C9 wakati mfumo wenyewe unapanda. Kwa asiyezoea zinatisha ila ukizisoma utatulia, ikianza na C inakwambia niko kazini niache, ikianza na A mara nyingi inamsubiri binadamu, ikianza na B hapo kuna hitilafu andika namba zote umpigie fundi. Shida ni kwamba kuna kodi zinakaa pale pale muda mrefu, hasa baada ya kuzimika vibaya, na hapo ndo nimeona watu wazima wanakosa uvumilivu. Kuna bosi mmoja, sio wa idara yetu, alikuja asubuhi ya tarehe za mishahara akakuta kodi ya C6 imeganda, akauliza imekaa hapo toka saa ngapi, tukamwambia, akasema hii imekwama izimeni muwashe. Operata wetu mama mmoja mtu mzima, sauti yake ya chini, akamwambia, "Baba, hii haijakwama, inahesabu. Ukiizima inaanza kuhesabu moja." Bosi akasimama pale anaangalia kile kioo, na ikabadilika akiwa anaangalia. Akatoka bila kusema kitu. Kwenye paneli kuna fankisheni 08 ya kuzima kwa nguvu na 03 ya kuanza IPL upya hapo hapo, zote zipo kwa sababu, lakini mwenye kuzigusa awe anajua anachokiacha nyuma.

Hapo hapo kwenye paneli kuna kitu kingine kidogo ambacho kimeshalaza watu macho, modi ya ufunguo. Mashine nyingi za wakati ule zilikuwa na kijiti cha ufunguo unachomeka, bila hicho modi haibadiliki, na modi ziko nne, Manual, Normal, Auto na Secure. Normal ndo ya kila siku, inakubali batani, inakubali kuwashwa kwa ratiba au kutoka mbali. Auto ni hivo hivo ila batani ya mbele haikubali, nzuri kama chumba chako kinapitwa na watu wa usafi. Secure inakataa vyote. Manual ni ya fundi, ukipiga IPL kwenye Manual mashine haipandi mpaka mwisho, inasimama kwenye konsoli na menyu, namba 1 endelea na IPL, namba 2 sakinisha mfumo, namba 3 ingia DST, zile zana za huduma zilizo chini ya mfumo, na inakusubiri hapo hata wiki.

Sasa fundi wa kampuni iliyokuwa inatuhudumia alikuja kuweka PTF, yaani marekebisho ya mfumo kutoka IBM, akaweka Manual, kazi ikaisha vizuri, akafunga begi akaenda zake. Siku zikapita, mashine inapiga kazi hamna anayejua kitu. Ikafika usiku wa mwisho wa mwezi, ile programu yetu ya usiku huo ikimaliza bekapu inatoa komandi ya kuzima na kuwasha tena, PWRDWNSYS na RESTART(*YES), ikazima vizuri, ikaanza kupanda, ikafika kwenye ile menyu ikakaa. Saa mbili asubuhi matawi yote yanapiga simu. Mtu amefika chumba cha mashine anakuta hamna taa nyekundu hamna mlio hamna chochote, skrini ya konsoli tu inamuuliza kwa upole achague namba. Akabonyeza 1, ikaja ile skrini ya machaguo ya IPL ya tarehe na saa na kufuta foleni, Enta, baada ya muda wote wako kazini. Toka hapo ilikuwa sheria, fundi haondoki mpaka operata asome paneli kwa sauti. Unaweka fankisheni 01 inakuonyesha mfano 01 B N, hiyo B ni upande unaowaka nao, N ni Normal. Ukiona M mwambie arudi. Na huo upande nao uangaliwe, B ndo pa kukaa siku zote kwa sababu ndo penye PTF zilizowekwa kwa muda, A ni zile zilizoshakuwa za kudumu, D ni kuwaka kutoka kwenye tepu au CD, mtu akikuachia A au D utakuja kushangaa mbele ya safari.

Kijiti chenyewe cha ufunguo tulikikuta kinakaa kwenye droo ya mezani pamoja na stepla na kadi za harusi. Yaani mlango wa chumba una kadi ya elektroniki na kamera, alafu kitu kinachomruhusu mtu aingie mpaka chini ya mfumo wa mashine kiko na stepla. Kikahamia kwenye sefu.

Konsoli sasa. Zamani ilikuwa raha, terminali moja ya twinax, ile kebo ya zamani ya IBM, imechomekwa poti ya kwanza anwani sifuri, inaitwa DSP01, hamna mjadala, hiyo ndo konsoli. Kebo nene, terminali nzito kama mfuko wa saruji, lakini haina virusi, haina apdeti, hailali. Baadae tukaletewa mashine mpya na konsoli ya LAN, yaani kompyuta ya kawaida yenye programu ya kuongea na mashine kupitia mtandao, na hapo ndo matatizo yakaanza kuwa ya kibinadamu. Jamaa wa kitengo cha kompyuta za mezani walikuwa na zoezi la kufomati kompyuta zote za jengo, wakaikuta ile pale kwenye chumba, kwao ni kompyuta kama nyingine, wakaifomati, wakaweka na ile ya kujilaza ikikaa bila kuguswa. Mashine haikulia maana ilikuwa imewaka na konsoli haihitajiki kila saa. IPL iliyofuata paneli ikasimama kwenye A6005008, konsoli haijapatikana.

Kinachowachanganya wengi hapo ni kwamba konsoli ya LAN ina utambulisho wake kwenye upande wa mashine, kifaa kinaitwa QCONSOLE, kina paswedi yake ambayo kompyuta na mashine wanabadilishana wenyewe kimya kimya. Ukifomati kompyuta, upande mmoja umesahau, mwingine unakumbuka, hawaelewani tena. Dawa ni kuingia kwenye huduma za mashine, kuitafuta QCONSOLE na kuirisetisha ili waanze upya. Lakini uingie kwa kupitia wapi wakati konsoli ndo iliyokufa? Kwa hiyo nakwambia kaa na njia ya pili mapema, kompyuta ya pili iliyosetiwa na utambulisho wake yenyewe ambao sio QCONSOLE, imezimwa iko kabatini na karatasi imebandikwa MSIGUSE. Sisi ile ya pili ilitengenezwa wiki ile ile baada ya tukio, na karatasi ya kwanza kabisa ilibandikwa kwenye ile iliyofomatiwa na kitengo cha mezani.

Na paswedi za hizo huduma ni somo lingine. Watu wanachanganya QSECOFR wa mfumo, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, na QSECOFR wa DST. Majina yanafanana, watu wawili tofauti. Yule wa mfumo ndo unaingia nae kwenye skrini ya kawaida. Yule wa DST anakaa chini kabisa, anagusa diski, anagusa konsoli, na ukimkosea mara tatu anajifunga. Mashine ikija kutoka kiwandani paswedi yake ni jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, na nimeingia kwenye taasisi za watu kusaidia nikakuta bado iko hivo. Raha ya hawa wawili ni kwamba kila mmoja anaweza kumwokoa mwenzake. Ukisahau ya DST, unaingia na QSECOFR wa mfumo unatoa komandi CHGDSTPWD na *DEFAULT, inarudi ya kiwandani unaibadilisha hapo hapo. Ukisahau ya mfumo, unaingia DST kwa konsoli unarudisha paswedi ya QSECOFR ya mwanzo, unapiga IPL, inashika. Ukisahau zote mbili, hapo unazungumza na watu wa huduma na kuna uwezekano mkubwa unazungumzia kusakinisha mashine upya. Ndo maana bahasha ya moja haitakiwi kukaa sefu moja na ya pili, na asiwe mtu mmoja anayejua zote. Wakaguzi walitukatalia mwanzoni, walitaka zote zikae sehemu moja iliyosajiliwa, ikabidi tuwachoree kwenye ubao kila moja inafungua nini ndo wakakubali.

Haya, mashine imepanda, konsoli iko sawa, DST iko sawa, alafu watu bado hawawezi kuingia. Hapo umefika kwenye programu ya kuanzia. Mfumo ukimaliza kupanda unawasha sabsistemu (eneo la kuendeshea kazi) ya udhibiti, kwa wengi ni QCTL, na hiyo ina kazi ya kujianzisha inayoita programu iliyotajwa kwenye QSTRUPPGM. Kutoka kiwandani ni QSTRUP iliyoko QSYS, inawasha QSPL, QSERVER, QUSRWRK, QINTER (ya watumiaji wa skrini), QBATCH (ya kazi zinazokimbia zenyewe), QCMN na printa. Kila taasisi inaichukua kwa komandi RTVCLSRC, inayotoa maandishi yake, inaongeza vyake, na hapo ndo utamu na uchungu.

Programa mmoja wa mkataba aliibadilisha akaijaribu mwenyewe ikaenda vizuri kabisa. Siku ya IPL ikafa katikati. Kaangalia kila kitu hamna kosa, anaita tena kwa mkono inaenda. Tukazunguka sana mpaka mtu akafungua joblogu, kumbukumbu ya kilichotokea, ya ile kazi ya asubuhi badala ya ya kwake, kumbe programu ya kuanzia haikimbii kwa jina la aliyeiandika wala QSECOFR, inakimbia kwa mtumiaji anaitwa QPGMR, na QPGMR hakuwa na ruhusa kwenye laibrari mpya aliyoiweka jamaa. Yeye akijaribu ana mamlaka yote ya dunia, lazima iende. Kwa hiyo ukitaka kujaribu kweli, isabmiti kwa SBMJOB USER(QPGMR) uione inavyolia. Na kila mstari uwe na MONMSG wake, komandi ya kukamata meseji za makosa, maana ukikuta sabsistemu ishawaka utapigwa CPF1010, ukikuta mtandao ushapanda utapigwa TCP1A04, na hiyo ya mwisho itakuja tu kwa sababu toka V5R1 mfumo wenyewe unaweza kuwasha TCP/IP wakati wa IPL kabla hata programu yako haijafika hapo, iko kwenye komandi CHGIPLA. Meseji ndogo hizo, za kukwambia kazi ishafanyika, ndo zinazoangusha programu nzima kwa kukosa mtu wa kuzipokea.

Na mpangilio. Hii ndo hoja niliyobishana nayo kuliko zote. QINTER iwashwe mwisho. Ile ya kiwandani haingoji, na kwa duka dogo sawa, ila kwetu matawi yalikuwa yanaona skrini ya kuingia imerudi, makeshia wanaingia, wanaanza kupokea hela za watu wakati kazi za kurekebisha za usiku hazijamaliza kupandisha miamala ya jana. Tukahamisha, kwanza QSPL na QSERVER, mtandao, tunangoja na DLYJOB mpaka laini zitulie, alafu QBATCH na kazi zake za kufungua siku, programu yenyewe inaangalia kama alama ya kufungua siku imewekwa, ikiwepo ndo QINTER inawaka. Matawi wakalalamika tunawachelewesha. Ni kweli tunawachelewesha. Ila ukumbuke hata QINTER ikigoma kuwaka konsoli yako inabaki na skrini ya kuingia kwa sababu iko ndani ya QCTL, hata programu ya kuanzia ipotee kabisa QCTL itawaka na konsoli utaipata, ndo maana nasema kila siku usije ukahamisha konsoli kwenda sabsistemu nyingine kwa ajili ya urembo.

Siku hizi mashine zenyewe ziko kwenye HMC, kompyuta ya pembeni ya kuzisimamia, ilianza kuzoeleka na zile za POWER5 kuanzia 2004, konsoli ya 5250, ile skrini ya kijani, unaifungua ndani ya HMC na paneli pia unaibonyeza humo kwa mausi, mashine moja imegawanywa vipande kila kipande na IPL yake na modi yake. Ufunguo wa kijiti haupo tena. Badala yake kuna mtumiaji anaitwa hscroot ambaye paswedi yake kutoka kiwandani ni abc123, na nikifika mahali papya hiyo ndo ya kwanza ninayojaribu mbele ya mwenyeji wangu, kabla hata ya chai. Ikikubali tunaanzia hapo kazi.

Sasa hivi tuna mjadala ofisini kuhusu kuhamishia konsoli kwenye kompyuta zenye Access Client Solutions, programu ya IBM ya kuongea na mashine, ili HMC iondolewe kupunguza gharama. Mi sijakataa. Nimeuliza tu ile kompyuta itakaa chumba gani, nani ataizuia isifomatiwe, na umeme ukikata usiku mtu wa zamu ataanzia mlango upi.